Nani Ataniosha Miguu?

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Na kabla hatujaenda mbali, mwambie Pamela aweke simu yake chini na akusomee polepole bila kuruka mahali. Pamela, wifi yangu, nakujua. Ukifika penye uchungu usijifanye umemeza mate vibaya ukaruka. Msomee mama yote.

Goti lako linaendeleaje? Hiyo dawa ya kupaka inasaidia, ama umerudi kwa majani yako ya kuchemsha? Na mahindi yameota, ama mvua ya huko bado inawachezea? Huku kwetu Kericho mvua haijui kupumzika. Ikifika saa nane mchana inamwagika, na wiki iliyopita ilikuja na mawe ikapiga chai mpaka majani yakabaki yametobokatoboka. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, nyumba ya kambi ya wachuma chai haivuji tena upande wa kitanda. Kwa mwili usiwe na wasiwasi.

Sasa nikujibu. Ile Jumapili ulinipigia kwa simu ya Pamela ukaniuliza swali moja tu: "Atieno, bado unaenda kwa hilo kanisa lenu?" Halafu simu ikakatika, nikakutumia ujumbe ati betri imeisha. Mama, haikuwa betri. Ningefungua mdomo ungenisikia nikilia, na wewe ukinisikia nalia hulali mpaka kuche. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Kwa kalamu mtu anaweza kusimama, apanguse macho, aendelee.

Unamkumbuka Mama Chebet. Ni yule mfupi nilikuja naye kwa mazishi ya Baba, akakuletea mursik, yale maziwa yao ya kugandisha, kwa kibuyu, ukaionja ukakunja uso lakini ukamaliza kwa sababu ya heshima. Yeye ndiye alinipokea huku nikiwa sijui mtu, akanifundisha kuchuma majani mawili na chipukizi lake bila kuvunja kijiti. Ni yeye pia alinishika mkono Sabato moja akanipeleka kwa hilo kanisa la mabati hapa kambini, akaniweka karibu naye kwa kwaya. Watu walikuwa wakitucheka, mmoja mlingoti, mwingine kisiki. Tulikuwa tunacheka pamoja nao.

Halafu mashini ya kuchuma chai ikaja. Hizi mashini, Mama, zinashikwa na watu wawili, mmoja huku na mwingine kule, chai ikiwa katikati. Inanguruma kama pikipiki, inakata majani kama mkasi na kuyatupa kwa mfuko mkubwa nyuma. Wale wawili lazima watoshane urefu, sivyo chai inakatwa upande. Kwa hivyo supavaiza akatupanga mstari kama watoto wa shule akitafuta warefu. Akanichukua mimi na kijana mmoja wa upande wa Bomet anaitwa Kiprono. Wanawake wengine wote wa kikosi chetu wakaambiwa wapumzike kidogo, wataitwa. Mama Chebet alikuwa kwa hao. Mpaka leo hawajaitwa.

Najua utauliza kwa nini sikukataa. Nilimuuliza supavaiza hivyo hivyo: nikikataa itakuwaje? Hata hakuniangalia. Akasema, "Basi rudisha viatu vya gumbuti kwa stoo na ufunguo wa nyumba kwa ofisi." Nikaishika. Nilijiambia nikiiacha mimi, itashikwa na mwingine, na hiyo ni kweli kabisa. Lakini ukweli wa namna hiyo haukusaidii ukisimama kwa bomba la maji na wanawake uliokuwa ukichuma nao.

Jioni hiyo nilienda kumwambia Mama Chebet mwenyewe kwamba nimekubali, kabla asikie kwa watu. Alikuwa anakoroga ugali. Akasema, "Sawa." Akaendelea kukoroga. Mama, heri angenichapa na huo mwiko.

Tangu hapo maisha yakageuka. Nikiweka mtungi wangu kwa foleni ya bomba, nikirudi naukuta umetolewa, uko peke yake kwa majani. Nikisalimia, watu wanajibu kwa kukohoa. Kuna jamaa mmoja hata simjui, nilimkuta amesimama pale bombani, akaniambia taratibu kabisa, kama mtu anakupa ushauri, "Mama, hiyo mashini inatumia petroli. Petroli inashika moto, na haichagui." Nilibeba mtungi ukiwa nusu nikaondoka.

Na kwa kanisa ndiyo mbaya zaidi, maana huko nilikuwa nimezoea kupumzika. Sisi tukitoka ibada tunapanga laini mlangoni na kusalimiana kwa mkono, kila mtu na kila mtu. Unajua vidole vya mchuma chai vilivyo, vimekuwa vyeusi kwa utomvu, hata usugue na jivu hautoki. Pale mlangoni mikono yetu yote ilikuwa ya rangi moja, ya wa kwetu na ya wa huku. Sasa baada ya kukaa na mashini, vidole vyangu vikaanza kutakata. Malengelenge ninayo, lakini ni kwa kiganja, huyaoni. Nikanyoosha mkono kwa dada mmoja wa kwaya, akauangalia, akasema, "Wewe siku hizi una mikono ya karani." Wenzake wakacheka kidogo. Sabato iliyofuata nilificha mikono kwa leso.

Kwa kwaya wakaniachia nafasi pande zote mbili. Mama Chebet alihamia nyuma kabisa. Nikawa naimba huku nasikia sauti yangu peke yangu, na sauti yangu unaijua, haifai kusikika peke yake.

Nilimkasirikia Mungu, Mama. Wacha nikuambie wazi, na Pamela usipunguze sauti hapa. Nilimwambia, wewe ndiye ulinipa huu urefu, wewe ndiye uliniambia nikutegemee, sasa ona. Nikipiga magoti maneno yalikuwa hayaji. Nilikuwa nasema tu, "Bwana, ni mimi," halafu nanyamaza, halafu naenda kazini. Sabato mbili nilijifungia ndani nikasema ni kichwa kinauma. Nikafikiria kuhamia kanisa moja huko Litein ambako hakuna mtu ananijua, niwe nakaa nyuma, naondoka kabla ya kusalimiana. Wakati ulinipigia simu ndio nilikuwa hapo. Nilikuwa nimebakisha kidogo tu niseme, la, Mama, siendi tena.

Kisha Mzee Langat, huyu mzee wa kanisa letu ambaye ni seremala, akatangaza Meza ya Bwana. Nyinyi huko kwenu hamfanyi kama sisi, kwa hivyo nikueleze. Sisi kabla ya mkate tunaoshana miguu, wanaume na wanaume, wanawake na wanawake, vile Yesu aliwaosha wanafunzi wake. Hupangiwi mtu. Unamwendea mtu mwenyewe, ama yeye anakujia. Tena tunaambiwa kila mmoja amtafute kwanza yule amekosana naye. Watu wanacheza tu, wanatafuta rafiki zao, na tunasugua miguu nyumbani kabisa mpaka kisigino kinang'aa ili tusiaibike kuoshwa. Lakini wakati huu mimi sikuwa na rafiki wa kutafuta. Nilijiona tayari nimekaa pale na karai langu, wenzangu wote wameshikana wawili wawili, na mimi nangoja kama gunia limesahaulika kwa mizani.

Hata hivyo nilienda kwa Mama Chebet. Moshi ulikuwa unatoka, redio inaongea. Nikabisha hodi. Redio ikapunguzwa. Nikabisha tena, nikasema, "Ni Atieno." Nikasimama mpaka mvua ikaanza, halafu nikasikia redio ikipandishwa tena, na mimi nikaelewa.

Nikaenda kwa Mzee Langat nikamwambia sitakuja kwa Meza ya Bwana. Alikuwa anapiga randa mlango wa mtu. Nikamweleza yote, mtungi, mikono, redio. Mzee huyu hana maneno mengi. Akapuliza vumbi la mbao, akasema, "Karai za kanisa hazitoshi. Njoo na lako."

"Mzee, nimekuambia siji."

"Nimesikia," akasema. "Kuja na karai."

Nilirudi nyumbani nimekasirika kuliko nilivyokwenda.

Alhamisi ya wiki hiyo, Mama, ndiyo sikutaka usikie kwa watu. Tulikuwa shamba la chini, karibu na msitu wa mikaratusi ambapo watu huokota kuni. Mashini inanguruma, kwa hivyo hatukusikia kitu. Nilimwona Kiprono akiinua kichwa, macho yamemtoka. Nikageuka. Kundi la watu lilikuwa linashuka na njia ya trekta, wengine na rungu, mmoja na mtungi mdogo wa manjano. Walikuwa wa huku na wa kwetu pia, nisikudanganye. Kiprono akazima mashini, akasema, "Atieno, toroka!" na yeye akapotea.

Lakini kwa chai hutoroki hivi hivi. Chai imeshikana kama zulia, imekufika kiunoni, ukitoka kwa kijia unakwama. Nikaona sina pa kwenda. Nikajitupa chini, nikatambaa kwa tumbo kuingia chini ya chai, kwa matope na vijiti vilivyokatwa zamani. Nikafunika kichwa na mikono. Nilitafuta zaburi, hata moja, na ninazijua nyingi. Haikuja. Nikabaki na yale yale, Bwana, ni mimi. Bwana, ni mimi.

Nikawasikia wanapiga mashini. Kisha nikasikia harufu ya petroli, na moto ukaingia, wuu. Kisha sauti ikasema, "Yule mwanamke mrefu ameenda wapi? Hawezi kuwa mbali." Na miguu ikaanza kuja upande wangu, polepole, watu wakitenganisha chai na rungu.

Hapo kitu kizito kikaanguka kwa nguvu pale miguuni pangu. Nikajua ni jiwe, na jiwe linalofuata ni la kichwa. Kumbe nikasikia sauti ninayoijua kuliko yangu, ya Mama Chebet.

"Nyinyi mnatafuta nini huku?"

"Mama, umeona mwanamke mmoja amepita hapa?"

"Nimemwona. Amekimbia barabarani. Na nyinyi mnapiga kelele hapa, gari la kampuni liko hapo juu linakuja."

"Toka hapo basi."

"Nitoke wapi? Nimebeba kuni tangu juu, mgongo umekatika. Nendeni, mimi napumzika."

Wakaenda. Yeye akabaki amesimama hapo, nikasikia anapumua. Sikumwita, nikihofia wale hawajafika mbali. Baada ya muda akashika mzigo wake, akaguna vile hugunaga akibeba kitu, akaenda. Mama, nilikaa pale chini nikijiuliza, alijua niko hapo ama hakujua? Kama hakujua, basi alidanganya tu kuwafukuza. Na kama alijua, mbona hakuniita?

Sabato ikafika. Sikulala vizuri. Asubuhi nilivaa, nikavua, nikavaa tena. Kilichonitoa nyumbani si imani kubwa, usije ukaenda kunisifu kwa kina mama wenzako. Nilikumbuka tu Mzee Langat amesema karai hazitoshi, nikasema basi nipeleke karai nirudi.

Wanawake tulikuwa kwa chumba cha nasari kando ya kanisa, kwa zile benchi fupi za watoto. Mimi nikikaa kwa benchi hizo magoti yananifika kidevuni. Nikaweka karai na maji mbele yangu. Wenzangu wakaanza kuinuka na kuchaguana. Huyu na huyu, huyu na huyu. Walikuwa wanaimba, maji yanamwagikamwagika, wengine wanakumbatiana. Yule dada wa mikono ya karani akanipita bila kunitazama, akaenda kwa mwingine. Nikaangalia Mama Chebet kwa kila kona. Hakuwepo. Nikajisemea, Atieno, umeona sasa. Umekuja, umeona. Nikainama kuchukua karai langu nikalimwage, nirudi nyumbani, na ukweli wa Mungu nilikuwa siendi hapo tena maisha yangu yote.

Mkono ukashika karai upande ule mwingine.

"Vua viatu," akasema Mama Chebet.

Alikuwa ametoka nje, nguo ya Sabato imelowa mabegani. Sijui alikuwa amesimama huko kwa mvua kwa muda gani akipigana na nafsi yake. Uso ulikuwa umefungwa kabisa. Nikavua. Akapiga magoti, akachukua mguu wa kulia akauingiza kwa maji, na hakuniosha ile ya kubembeleza, alinisugua kama sufuria iliyoungua.

"Hii miguu," akasema bila kuinua kichwa, "ilikuwa nje."

"Nini?"

"Alhamisi. Kichwa umeficha kama kuku, miguu yote iko nje ya chai. Gumbuti zote mbili! Zingeonekana mpaka Bomet. Ningefanya nini? Nikaziangushia kuni."

Nilishindwa kucheka, nilishindwa kulia. Nikasema, "Mama Chebet, nisamehe."

Akaacha kusugua. Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu ile jioni ya ugali.

"Usifikiri nimekusamehe," akasema. "Mimi bado nina hasira na wewe. Nikiisikia hiyo mashini asubuhi nakuwa na hasira hata na uji. Nimekaa huko nje nikamwambia Mungu moyo hautaki. Basi nimeanza na miguu. Lete huo mwingine."

Nikaleta huo mwingine.

Alipomaliza akachukua taulo kunipangusa, na hapo ndipo niliona mikono yake. Mama, mikono ya Mama Chebet ilikuwa safi. Ule weusi wa miaka yote, ule tulikuwa tukisugua na jivu tukashindwa, umeisha. Vidole ni vyeupe kama vya mtoto ametoka kuoga. Mimi nilikuwa nimeficha yangu kwa leso nikidhani ni mimi peke yangu nimetakata, na kumbe wale wote walioambiwa wapumzike, wataitwa, mikono yao imekuwa safi kwa kukosa kazi. Nikalia mbele ya watu wote. Nikashuka kwa benchi, nikapiga magoti, nikamwosha miguu yake, na hakuivuta.

Tukaenda kwa mkate. Alikaa kwa benchi langu, lakini aliacha nafasi kidogo katikati.

Usidhani mambo yamekuwa mazuri sasa. Asubuhi ya leo mtungi wangu nimeupata kwa majani tena. Mama Chebet akinipita njiani anainua kidevu tu. Supavaiza amesema mashini nyingine inaletwa Jumatatu, na mimi na Kiprono ndio tutaishika, safari hii na askari nyuma yetu, na naogopa, sitakudanganya. Nikimwona mtu na mtungi wa manjano nageuza njia. Maombi yangu bado ni mafupi. Lakini nimeacha kumngoja Mungu anitengenezee moyo kwanza ndipo niende. Mama Chebet alikuja na moyo mbaya, akaanza na miguu. Hata mimi nitaanza hapo.

Kwa hivyo jibu lako ndilo hili, Mama. Ndiyo, bado naenda. Usiombe nirudi nyumbani. Omba wale wanawake waitwe. Na ukiomba, mtaje Mama Chebet kwa jina lake, anaitwa Tabitha, maana Mungu anamjua lakini nataka na wewe umtaje.

Nisalimie kaka yangu mkubwa, mwambie paa la jiko lako asingoje mimi nimkumbushe mara nyingine. Nisalimie baba mdogo pale ng'ambo ya mto na yule shangazi yetu wa sokoni anayeuza omena, mwambie huku tunaletewa omena za mchanga, nazililia zake. Wajukuu wako uwabusu kila mmoja kwa paji la uso. Na wewe Pamela, asante kwa kusoma. Kama umelia, sasa pangusa uso umpikie mama chai, na usiweke majani machache, watu wanayachuma kwa shida ili mnywe.

Mama, tulipokuwa wadogo tukicheza kibe, kujificha na kutafutana, ulikuwa unanitoa nyuma ya ghala ukicheka, unasema mtoto mwenye miguu ya baba yake hatapata pa kujificha duniani. Ulisema kweli.

Ni mimi binti yako, ambaye bado hajui kujificha,

Atieno.